Barabara kuu inahamishwa nyuma ya mji wetu. Gesti na mgahawa wangu vitaponaje?

*"Habari za kazi, mtaalamu. Nina mgahawa na gesti ya vyumba kumi na viwili katika mji mdogo ulioko kwenye barabara kuu iendayo Tunduma. Kwenye mkutano tuliambiwa barabara itachepushwa, ipite kama kilomita tatu nyuma ya mji, kwa sababu ya ajali na msongamano wa malori. Wapimaji wameshapita na kupigilia vigingi. Wateja wangu wengi ni madereva wa malori na abiria wa mabasi. Jirani yangu anasema mji utakufa, ameanza kutafuta mnunuzi. Dalali naye ananishawishi ninunue eka mbili anakosema ndiko barabara itakakopita, eti fidia yake itanirudishia mara tatu. Nilikuwa najiandaa kukopa benki niongeze ghorofa. Nisubiri fidia, nihame, au niendelee? Na je, tukisimama pamoja tunaweza kuuzuia mradi?"*

Dada yangu, hofu yako ina msingi, na sitakwambia usiwe nayo. Barabara ya mchepuo itakupunguzia wateja. Watapungua kwa kiasi gani, na watakwenda wapi, hayo hayajaamuliwa bado, na sehemu kubwa yake itaamuliwa na vitu ambavyo sijaona mtu yeyote mjini kwenu akivitaja: makutano ya barabara mpya na ya zamani yatawekwa wapi, na ardhi inayoyazunguka itapangwa na nani. Nitafika huko. Nianze na dalali kwanza, maana huyo ndiye anayeweza kukuumiza wiki hii.

Usimpe hela. Kigingi cha mpimaji hakithibitishi kwamba barabara itapita hapo. Wakati wa upembuzi yakinifu wahandisi hupima njia zaidi ya moja, na hata baada ya kuchagua moja, usanifu wa kina unaweza kuisogeza kukwepa bonde, chanzo cha maji, makaburi au udongo mbovu. Na hata barabara ikipita juu ya eka hizo kabisa, hesabu yake ya "mara tatu" haina mguu wa kusimamia. Fidia ya ardhi Tanzania hufuata Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1967, Sheria za Ardhi za 1999 na kanuni za uthamini za 2001. Msingi wake ni thamani ya soko ya ardhi na maendelezo yaliyopo siku ya uthamini. Juu yake huongezwa posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi inayokokotolewa kwa kodi ya pango ya miezi 36, na fidia ya faida iliyopotea, nayo kwa miezi 36. Sasa angalia shamba tupu: halina mkazi wa kulipwa makazi, halina mizigo ya kuhamisha, halina biashara ya kupoteza faida. Anayelinunua kwa bei ya uvumi hulipwa bei ya soko. Tena kama ni ardhi ya kijiji, haiuzwi kwa makubaliano ya watu wawili chini ya mwembe. Halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji vina kauli, na ukivikwepa unaweza kujikuta huna haki yoyote ya kulipwa.

Jambo la pili ni gumu kulisema, lakini afadhali ulisikie sasa. Ikiwa barabara mpya haigusi kiwanja chako, hutalipwa fidia. Sheria inamfidia mtu aliyechukuliwa ardhi. Haimfidii mtu ambaye wateja wamempita mbali. Nakubaliana na wewe kama unaona si haki, kwa sababu hasara yako inaweza kuwa kubwa kuliko ya mwenye shamba la mahindi atakayelipwa. Lakini ndivyo ilivyo, na kukaa ukisubiri hundi isiyokuja ndiko kunakomaliza watu. Pale kwenu wengi wanachanganya pia na alama za X zinazopakwa kwenye majengo ya kando ya barabara. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu, yaani ukanda uliotengewa barabara, kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Ndipo yakaja yale maneno ya "umeifuata barabara au barabara imekufuata": X nyekundu kwa aliyejenga ndani ya hifadhi ya zamani, asiyestahili fidia, na X ya kijani kwa aliyekutwa na upanuzi, anayestahili. Kama jengo lako lina X kwenye barabara ya sasa, hilo ni suala lake peke yake. Usilichanganye na mradi wa mchepuo.

Tuje kwenye wateja, ambako ndiko kiini kilipo.

Jirani yako anasema mji utakufa. Wapo wanaosema kinyume chake kwa uhakika uleule, wakitoa mfano wa Arusha: barabara ya mchepuo ya kilomita 42 na ushee ilijengwa, malori yakatoka katikati, na jiji linaendelea kama kawaida. Usipokee mfano huo haraka. Arusha ina wateja wake yenyewe: watalii, wanafunzi, ofisi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, wafanyabiashara wa mkoa mzima. Wengi wa walioko barabarani pale walikuwa wanakwenda Arusha, hawakuwa wanapita tu. Kadiri mji unavyokuwa mdogo, ndivyo sehemu kubwa ya magari yake inavyokuwa ya wapita njia, na ndivyo mchepuo unavyochukua sehemu kubwa zaidi. Tafiti zilizofanywa Marekani, katika majimbo kama Wisconsin na Texas, zilikuta picha inayofanana na hiyo: mji kwa ujumla wake mara nyingi hauporomoki, lakini vituo vya mafuta, migahawa na nyumba za kulala wageni hupata pigo, na pigo huwa zito zaidi katika miji midogo. Duka la vifaa vya ujenzi linaweza lisitikisike kabisa. Wewe uko kwenye kundi linalotikisika.

Hata hivyo kuna tofauti moja inayokupendelea, nayo inaonekana ukikumbuka yaliyotokea kwenye vivuko. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, safari ya Lindi na Mtwara ilitegemea kivuko cha Ndundu, Rufiji. Kigongo na Busisi nako, mkoani Mwanza, hadi daraja jipya lilipofunguliwa Juni 2025, magari yalisimama kusubiri pantoni. Mama lishe, wauza samaki na wauza karanga wa sehemu hizo walikuwa wanahudumia *kusubiri*. Daraja likija, kusubiri kunaisha, na hakuna mahali kulikohamia. Mchepuo hauko hivyo. Dereva aliyetoka Dar es Salaam na mzigo wa Lubumbashi atakuwa na njaa ileile, usingizi uleule na pancha zilezile. Haja zake hazifutwi na kilomita tatu. Zinahamia mahali pengine palipo rahisi kusimama. Swali lako la biashara ni: hapo patakuwa wapi, na nani atakuwa amejenga hapo kabla yako?

Kabla ya kujibu, fanya kazi moja ndogo. Weka daftari kaunta, na kwa wiki kadhaa andika kila anayekula au kulala: ni dereva wa lori, abiria wa basi, mtu wa gari dogo, mkazi wa hapo, au amekuja kwa shughuli maalumu kama semina, msiba, harusi, gulio, kesi mahakamani, ukaguzi wa shule. Usiache siku ya gulio, maana siku hiyo watu wa vijijini huingia, na hao hawajali barabara kuu ipite wapi. Andika na hela waliyoacha, usihesabu vichwa tu. Nimewaona wenye migahawa wengi wanaoamini wanaishi kwa mabasi, kumbe mabasi ni kelele na vyoo, na faida inatoka kwa walimu wanaokula kwa mwezi na maofisa wanaolala siku tatu kwa risiti. Inawezekana wewe si mmoja wao. Lakini bila daftari hilo, mimi na wewe tunakisia tu.

Kila kundi lina tabia yake. Lori halitageuka. Lenye uzito unaokaribia tani 56, ambao ndio ukomo wa Afrika Mashariki, likitoka kwenye barabara ya kasi kuingia mjini kilomita tatu na kurudi, linapoteza dakika na mafuta, na dereva anawajibika kwa vyote viwili. Kinachomfanya dereva wa lori asimame si pilau, ingawa pilau nzuri inasaidia. Ni maegesho mapana ambayo semitrela inaingia na kutoka bila kurudi nyuma, yenye taa na mlinzi, asiamke akakuta dizeli imenyonywa au turubai limechanwa. Mwenye uwanja wa namna hiyo huwa na mgahawa unaojaa hata kama chakula ni cha kawaida.

Basi ni tofauti. Abiria hachagui pa kula wala pa kuchimba dawa. Anayechagua ni dereva na kampuni, kwa mapatano yao na wenye hoteli. Kwa hiyo basi unaweza kulifuata kwa mazungumzo, hata ukiwa umehamia sehemu nyingine. Ila usisahau kwamba mabasi yamekuwa yakibadilika hata bila mchepuo. Mwaka 2023 serikali iliporuhusu tena mabasi kusafiri usiku, saa za kula na kulala zilihama, na gesti nyingi za njiani zililihisi hilo kabla hakijapigwa kigingi hata kimoja.

Sasa makutano. Barabara ya mchepuo inaachana na ile ya zamani upande mmoja wa mji na kuungana nayo tena upande wa pili. Pengine kunakuwa na makutano ya tatu katikati, inapokatana na barabara ya wilaya au ya vijijini. Sehemu hizo mbili au tatu ndizo magari yatakapopunguza mwendo. Hapo ndipo vitazaliwa vibanda, bodaboda, kituo cha mafuta, kisha stendi isiyo rasmi. Itatokea iwe imepangwa au haikupangwa. Isipopangwa, majengo yanausogelea mchepuo wote, watu wanaanza kuvuka na ndoo na watoto wa shule, ajali zinaanza, wananchi wanadai matuta, matuta yanawekwa, na ndani ya miaka michache mmerudi pale pale, safari hii mkiwa na barabara mbili zenye msongamano. Kampala wanaifahamu hadithi hii: mchepuo wao, Northern Bypass, ulikamilika mwaka 2009, na haikuchukua muda ikabidi waanze kazi ya kuupanua.

Kwa hiyo, kuhusu kuuzuia mradi: sidhani kama mtaweza, na kwa kweli nisingependa mfaulu. Barabara kuu inayopita katikati ya maduka inaua watu. Wewe mwenyewe umetaja ajali. Kikomo cha kilomita 50 kwa saa kwenye makazi hakitoshi pale ambapo lori lililoshuka mlima na breki za moto linakutana na mtoto anayevuka kwenda dukani. Nguvu mtakazotumia kupinga, zitumieni kudai vitu ambavyo bado vinaweza kubadilishwa kwenye michoro, kwa sababu mkandarasi akishafika na greda, jibu litakuwa "mkataba umeshasainiwa". Mradi wa aina hii unahitaji tathmini ya athari kwa mazingira na jamii chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na wananchi wana haki ya kusikilizwa. Ule mkutano mliofanyiwa ulikuwa sehemu ya kuwasikia ninyi, si wa kuwapa taarifa tu. Ulizeni kumbukumbu zake ziko wapi, na kama hamkusema kitu, andikeni barua sasa.

Mimi ningekuwa kwenu, dai langu la kwanza lingekuwa halmashauri iandae mpango wa eneo la makutano mapema: kituo cha malori chenye maegesho, vyoo na viwanja vya huduma, upande mmoja tu wa mji, na wafanyabiashara waliopo sasa wapewe nafasi ya kwanza ya kupanga au kununua. Hilo linawezekana chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007, lakini halmashauri haitalifanya kwa kukumbuka yenyewe. Inasukumwa na diwani, na diwani anasukumwa na ninyi. Mkichelewa, viwanja hivyo vitakuwa mikononi mwa watu wa mji mkubwa ambao hamjawahi kuwaona. Ombeni pia njia ya kuvukia chini ya barabara kwa vijiji vitakavyokatwa na barabara, kwa ajili ya watoto na mifugo, na vibao vikubwa vinavyotaja jina la mji na huduma zake kabla ya makutano.

Dai la pili linahusu mtaa wenu wa zamani, na hili husahaulika karibu kila mahali. Leo kipande hicho kinatunzwa na TANROADS, wakala wa taifa wa barabara, kwa sababu ni barabara kuu. Mchepuo ukifunguliwa, kinaweza kushushwa daraja na kukabidhiwa TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini ulioanza kazi mwaka 2017, ambao una kilomita nyingi mno na fedha chache. Habari njema ni kwamba malori yakiondoka, lami hudumu. Uharibifu wa lami hukua kwa kasi kuliko uzito: ekseli yenye uzito mara mbili huumiza barabara takribani mara kumi na sita. Mtaa wa magari madogo, kama mitaro yake ni mizima, unaweza kukaa miaka mingi. Kwa hiyo daini ukabidhiwe ukiwa umekarabatiwa: mitaro iliyofunikwa, njia za waenda kwa miguu, taa, maegesho ya mshazari mbele ya maduka. Na matuta yabaki, kwa sababu mtaa mpana uliobaki mtupu huwafanya wenye magari madogo na bodaboda wakimbie kuliko zamani.

Mtaa wa namna hiyo una biashara yake. Mteja anakaa nje bila vumbi na honi. Anayelala analala kweli. Mama anashuka na watoto kwenda sokoni bila kushika roho mkononi. Sikuahidi kwamba fedha yake itafikia ile ya malori. Inaweza isifikie. Lakini vyumba kumi na viwili si vingi, na mji wenye soko, zahanati, shule za sekondari na ofisi za serikali unaweza kuvijaza ukiwa na maji ya uhakika, mashuka safi na risiti ya EFD.

Ndiyo maana kuhusu mkopo wa ghorofa nasema: subiri. Usiongeze vyumba mahali ambapo hujui mteja wa kesho ni nani. Miradi ya barabara huchukua miaka kutoka vigingi hadi lami, na mingine hulala njiani. Katika miaka hiyo malori yataendelea kupita mlangoni kwako, na ujenzi wenyewe utaleta wahandisi na mafundi wanaohitaji kulala na kula kwa mwezi. Vuna kipindi hicho. Kama una deni, limalize kwa fedha hiyo. Kama huna, weka akiba ya kupata kiwanja halali kwenye makutano pale michoro itakapoidhinishwa. Daftari likionyesha zaidi ya nusu ya fedha yako inatoka kwa malori, basi mgahawa uende makutanoni na gesti ibaki mjini. Likionyesha chini ya robo, tulia hapo ulipo na uboreshe. Katikati ya hapo, ningeanza na banda dogo la chakula makutanoni, la gharama utakayoweza kuipoteza, kabla ya kuhamisha jiko zima. Kumbuka tu kwamba huwezi kufungua njia ya kuingilia popote unapotaka kwenye barabara kuu. Kibali hutolewa na TANROADS, na kiwanja kisicho na kibali hicho ni shamba lenye mandhari ya malori.

Jirani yako anayeuza, usimfuate wala usimcheke. Anayeuza wakati wa hofu huuza kwa bei ya hofu. Lakini kama ana duka linalotegemea vipuri vya malori peke yake na umri umekwenda, huenda kwake ni uamuzi wa busara.

Mengine hayafai kuamuliwa kwa maandishi. Nenda ofisi ya Meneja wa TANROADS wa mkoa wako na namba ya kiwanja chako, uulize kama kimo ndani ya njia iliyopendekezwa. Nenda idara ya ardhi ya halmashauri uone mpango wa matumizi ya ardhi wa upande huo, na ufanye upekuzi kabla ya kulipia kiwanja chochote. Na ikitokea umeletewa notisi ya utwaaji, au wathamini wamefika kukupiga picha mbele ya jengo lako, usisaini fomu usiyoielewa. Hakikisha kila kitu kimeandikwa: vyumba, kisima, choo, uzio, miti. Fidia ya faida iliyopotea hudaiwa kwa hesabu zilizokaguliwa, hivyo kama leo unaendesha biashara kwa kichwa, tafuta mhasibu mwezi huu, si siku wathamini watakapogonga mlango. Tafuta pia mthamini aliyesajiliwa akupe maoni yake binafsi, na mwanasheria; kama gharama ni nzito, watoa msaada wa kisheria wapo katika wilaya nyingi na hawadai malipo. Tunza nakala ya kila karatasi pamoja na tarehe yake, kwa sababu malipo yakichelewa zaidi ya miezi sita baada ya uthamini kuidhinishwa, una haki ya kudai riba.